Mashine Tuliyoichoma Sekei

Aichi mwanangu,

Nakuandikia ukiwa bado hujatoka mkononi mwangu. Bibi yako angenicheka, maana kwake barua ilikuwa ya mtu aliye mbali. Umepanda kijijini Poli kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia kabla hujamaliza bakuli la pili la loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando, kwa hiyo nina jioni yote. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Nimekaa mezani na blanketi miguuni, na karatasi mbili nimeshazichana.

Ya safari tumeyamaliza. Simu iwe ndani ya nguo, chakula cha dirishani usinunue, ukifika Mwanza usipande pikipiki ya mtu asiye na kofia. Nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, mimi ni nesi, siyo kifurushi." Haya, nesi wangu, sitayarudia. Nataka kukuandikia juu ya kaka yako.

Kesho kutwa utakuwa nyumbani kwa Elibariki, na utakaa kwake muda wote wa mafunzo yako ya hospitali. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara nyingi kwa nini kaka haji nyumbani. Nilikujibu kwamba ana kazi nyingi, kwamba Mwanza ni mbali, kwamba ni mkaidi kama ukoo wa baba yako. Ulipokua ukaacha kuuliza. Kisha baba yako akafariki, na Elibariki akaja. Alibeba jeneza, alitupia udongo, akapeana mikono na wazee wote, halafu akaenda kulala gesti. Nyumba ilikuwa imejaa magodoro mpaka sebuleni, wajomba zako wanalala mzungu wa nne, na mtoto wa kwanza wa marehemu yuko gesti. Watu walisema. Na wewe ulisema, ukamwita mwenye maringo. Nilikuacha useme. Kumtetea kungenilazimu nikueleze ninayokueleza leo, na sikuwa na uso wa kufanya hivyo.

Kwenye begi lako jeusi, chini ya vitenge, nimeweka ile laptop yako ya chuo niliyokwambia imekufa. Haijakufa. Nimeitumia tangu mwezi uliopita. Uliponikuta nimevaa hedifoni, nimekupa mgongo, ukanyata ukidhani nasikiliza mahubiri, nilikuwa nacheza gemu. Cheka kwanza, umalize, halafu uendelee kusoma.

Ulipokuwa na miaka mitatu, kaka yako akiwa na kumi na minne, humu ndani kulikuwa na mashine ya gemu. Mjomba alimletea kutoka Namanga. Ilikuwa ya kijivu, nyepesi, unaichomeka kwenye TV, unatumbukiza kaseti juu kama unavyotumbukiza mkate kwenye tosta. Kaseti zilikuwa kadhaa lakini yeye alipenda moja tu. Ilikuwa na picha ya mtoto mwenye pembe mbili, amebeba taa. Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua soksi, alikuwa kwenye kochi mbele ya TV, na wewe umekaa mapajani kwake unanyonya kidole.

Sikuipenda mashine ile. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu na nilijua watoto wa watu wote, ila wa kwangu nilimjua kwa alama za mtihani. Zilipoanza kushuka nikatafuta mchawi. Picha ya pembe nilikuwa nimeshaiona. Halafu nikaanza kuona mengine. Usiku nikiamka kwenda msalani nakuta TV imefunikwa kitambaa, na chini yake mashine inawaka taa nyekundu, imepata moto kama pasi, na hakuna mtu. Kaka yako kalala. Asubuhi namuuliza nani aliiwasha, ananiambia, "Hakuna aliyeiwasha, mama." Umeme ukikatika aliweza kulia machozi, kijana mzima wa kidato cha pili. Na sauti! Kuna nyakati aliongeza sauti ya gemu ile mpaka kabati la vyombo likawa linatetemeka. Nikimfokea apunguze, ananiangalia tu.

Tulikuwa na kikundi cha maombi cha akina mama, hapahapa Sekei, kila Ijumaa. Akaja mwinjilisti mgeni akatufundisha kwamba nyumba nyingi zimefungwa kwa sababu ya vitu vilivyomo ndani, na kwamba kila mama aangalie kwake. Nikasimama nikatoa ushuhuda. Nilisema nina mashine nyumbani inayojiwasha yenyewe usiku. Aichi, ungeona wale akina mama walivyoshika vichwa! Na mimi, nitakwambia ukweli, nilijisikia vizuri. Ndani ya nyumba yangu mambo yalikuwa yanabomoka na sikuwa na wa kumwambia, na hapo nilikuwa na jambo ambalo watu wangenililia bila mimi kuaibika.

Ijumaa iliyofuata kila mtu alileta chake nyuma ya nyumba ya katibu wa kikundi. Mmoja alileta shanga za mama mkwe wake, mwingine kibuyu. Mimi nilileta mashine na kaseti zake zote ndani ya mfuko wa sukari. Tukamwagia mafuta ya taa. Plastiki ile ilitoa moshi mweusi, mzito, ukashuka mpaka barabarani, na watoto wa shule walikuwa wanapita.

Kaka yako alikuja na yunifomu yake. Sijui nani alimwambia. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye ua, akaangalia, akasema neno moja kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa Aichi atasikia."

Mwinjilisti akasema, "Huyo siye yeye anayeongea." Akina mama wawili wakamshika mikono, huku na huku, na mimi mama yake nikamwekea mkono kichwani nikaanza kukemea. Nilikemea kwa nguvu. Sikuwa namwombea, Aichi. Nilikuwa nafukuza kitu ambacho hakikuwepo, mbele ya majirani, mbele ya wanafunzi wenzake waliokuwa wamejaa kwenye ua. Alitulia tuli mpaka tulipochoka. Kisha akaniambia, "Mmemaliza, mama? Naomba niende." Tukashangilia kwamba ametulia.

Hakunitolea neno baya hata siku moja. Alisoma, alifaulu, akaomba kwenda kwa mjomba Mwanza, na toka hapo nyumba hii kwake ni mahali pa kupita. Mtaa mzima unaniita Mama Eli. Dukani Mama Eli, kanisani Mama Eli. Mwenye jina hilo ananipigia sikukuu hadi sikukuu: "Shikamoo mama. Mzima? Haya mama, salaam kwa Aichi." Na mimi naitikia marahaba, naongeza na pole za kazi, basi.

Ulipopata barua ya kupangiwa Mwanza nilimpigia mimi. Nilitaka kumwomba radhi kabla hujafika kwake. Nilianza tu, nikasema, "Eli, ile siku ya ile mashine..."

"Mama," akasema, "hayo yalishapita."

"Najua, baba, lakini nilikuwa nataka..."

"Niko kazini, mama. Aichi mwambie aje, chumba kipo."

Akakata. Nimewahi kusema maneno hayohayo ya "yalishapita" kwa watu, mwanangu, na nilipoyasema mimi, hayakuwa yamepita. Yalikuwa yamefungiwa mlango.

Ndipo nikaamua kuitafuta gemu ile. Sikuwa na mpango wa maana, nilitaka tu kumrudishia kitu. Mashine zile hazipo tena. Nilizunguka maduka ya simu ya mjini, wakaniangalia kama nimeulizia gramafoni. Lakini mmoja akaniambia kuna kitu kinaitwa emuleta, programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya zamani, na gemu zenyewe watu duniani wamezihifadhi mtandaoni. Kama ni wizi au siyo, niliuliza kwenye maombi, na nimechukulia ule ukimya kuwa ruhusa.

Usinione hivi. Wiki nzima nilihangaika. Nilitafuta "gemu ya zamani mtoto wa pembe taa" kwa Kiswahili, mtandao ukaniletea habari za mbuzi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha ualimu, ikaja picha, ile ile. Nikashusha faili, nikalifungua na programu ya kuandikia barua, zikajaa alama ambazo hazina lugha. Nakuapia nilisukuma kiti nyuma. Mwinjilisti yule bado anakaa humu kichwani mwangu, hajalipa hata kodi. Kumbe faili lilikuwa limebanwa, lilitaka kukunjuliwa kwanza, halafu lifunguliwe ndani ya emuleta na siyo kwingine. Nikakunjua. Picha ikaja, mtoto anakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Kumbe nilikuwa nimeegemeza kiwiko kwenye kitufe cha kuongeza mwendo. Nikanunua pedi ya gemu ya kushika mkononi, nikakaa kuiambia kompyuta kitufe hiki ni cha kuruka, hiki ni cha kuwasha taa.

Ndiyo, kuwasha taa. Unajua yule mwenye pembe anafanya nini? Anapita kijiji hadi kijiji, kumeingia giza, anaingia kwenye nyumba za watu kuwawashia taa. Ukiwasha, watu waliomo ndani wanaamka wanakupungia mkono. Ndiyo hiyo kazi yake yote. Pembe ni kofia, akikaa kupumzika anaivua. Ningekaa kwenye kochi lile dakika kumi ningemwona anaivua.

Halafu kuna siku nilikuwa natazama video ya kufundisha jinsi ya kuhifadhi mchezo. Emuleta inakuruhusu kuhifadhi popote, hata ukiwa hewani hujatua, ukirudi kesho unaanzia hapohapo. Chini ya video, mtu mmoja, sijui ni wa nchi gani, ameandika: nyie wa leo mna raha, sisi kaseti zetu hazikuwa na kuhifadhi, ukizima umepoteza yote, kwa hiyo tulikuwa tunaacha mashine inawaka usiku kucha, tunafunika TV na kitambaa ili mama asione.

Nilisoma maneno yale nikayarudia, halafu nikafunga laptop nikaenda kuchuma majani ya maboga ambayo hata sikuyahitaji. "Hakuna aliyeiwasha, mama." Alikuwa ananijibu ukweli. Hakuna aliyeiwasha, haikuzimwa. Na mimi sikuuliza swali la pili.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wa kweli sijapata, nimempata huyo, na amekuja na mizigo yake, maana lile la sauti kubwa lilikuwa bado. Emuleta ilikuwa inatoa sauti ya kukwaruza, nikawa nimeinyamazisha. Jumamosi moja, umeenda mazoezi ya kwaya, nikasema ngoja niitengeneze. Kuna mahali unaipa sauti nafasi ichelewe kidogo ili isikatike. Nikabonyeza, muziki ukatoka, safi. Aichi, ni ule wimbo wako. Ule unaouimba bila maneno ukiosha vyombo. Niliwahi kukuuliza mmefundishwa Sunday school? Ukasema, "Sijui mama, nimejikuta tu naujua."

Nikakaa. Nikajiuliza mtoto wa miaka mitatu aliushikaje wimbo mpaka ukakaa naye miaka yote hii. Anaushika akiusikia karibu sana na kwa sauti kubwa sana. Nikakumbuka lini hasa kaka yako alikuwa anaongeza sauti. Aliiongeza jioni, baba yako akirudi na mimi nikimfuata chumbani.

Unajua sasa kuhusu ile nyumba ya pili ya Njiro, na wadogo zako wa kule unawasalimia, na nafurahi unawasalimia. Wakati ule ndiyo nilikuwa naijua kwa mara ya kwanza. Tuligombana vibaya. Nilisema maneno ambayo sitaki uyajue, na baba yako akasema yake, na siku nyingine vilivunjika vitu. Tulifunga mlango tukadhani mlango unatosha.

Nilitaka kuhakikisha, maana mimi ni mtu wa kuamini upesi na tazama kumenifikisha wapi. Nikaichukua redio nikaiweka chumbani kwetu, nikaifungua kwenye watu wanaobishana mambo ya mpira, sauti juu, nikafunga mlango. Nikarudi sebuleni nikakaa kwenye kochi, pale alipokuwa anakaa. Kila neno nililisikia. Hata pumzi zao nilizisikia. Kisha nikaunganisha laptop kwenye TV, nikaongeza muziki wa yule mtoto mpaka kabati la vyombo likatetemeka. Redio ikapotea. Sikusikia kitu ila wimbo wako.

Nililia pale kwenye kochi mpaka mama wa jirani akagonga geti kuuliza kama kuna msiba.

"Sasa Aichi atasikia." Alikuwa na miaka kumi na minne, Aichi. Hakulilia gemu yake. Alikuwa anatuambia, mbele ya akina mama wote wale, kwamba tumekuondolea ukuta wako. Nasi tukamshika mikono.

Na ulisikia? Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kukuuliza ukiwa mbele yangu. Baada ya mashine kuondoka tuligombana mwaka mzima mwingine. Kama ulisikia, niandikie. Kama hukumbuki, niandikie pia. Sitajitetea.

Sitakupa somo. Somo nimelipata nikiwa nimestaafu kufundisha, kwa hiyo sina cheti chake. Kuomba sijaacha, ila siku hizi kabla sijamwekea mtu mkono kichwani namuuliza kwanza ana nini. Wewe ni nesi. Utakutana na watu wazima wanaofanya vituko wodini, wanaficha vidonge, wanakataa kuzimiwa taa. Wengine watakuwa wakorofi kweli. Lakini kaa nao dakika kumi, mwanangu, zile nilizozikosa mimi.

Sasa la laptop. Usimpe Elibariki ukasema mama anaomba msamaha. Usinibebee, huo mzigo siyo wako, na yeye ukimsukuma atasema yalishapita, mlango utafungwa tena. Wala usimhadithie nilivyolia. Naogopa sana, Aichi. Naogopa ataiona gemu akunje uso aseme mama naye, anacheza na mambo ya watu. Huenda nimekosea tena, huenda kumrudishia kitu hiki ni kumrudisha kwenye moshi ule. Sijui. Nimeitoa begini mara mbili nikairudisha. Ukifika ukamwona hayuko tayari, iache begini, nitakuelewa.

Lakini akiwa ametulia, pengine mmemaliza kula, iwashe. Emuleta iko hapo mwanzo kabisa wa skrini, alama yake ni picha ya taa. Nimehifadhi nilipofika. Vijiji vitatu nimeviwasha mwenyewe, kwa mikono hii yenye baridi yabisi, na nyumba ya mwisho ya kijiji cha tatu nilihangaika nayo siku nne. Kijiji cha nne kimenishinda. Kuna daraja linalobomoka ukilikanyaga, ukisubiri unaanguka, ukiruka unaanguka. Nimeanguka mara nyingi mpaka nimeanza kumwonea huruma yule mtoto. Video za mtandaoni zinaonyesha, najua, ningeweza kutazama. Sikutazama.

Nasikia geti, hiyo ni sauti yako unamsalimia mama wa jirani. Naikunja barua. Nitaichomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, utaikuta basi likishapita Singida.

Fanya hili moja tu. Mwonyeshe alipokwama yule mtoto, umwambie sikuwahi kumuuliza zamani na sasa nauliza: pale darajani, Eli, unapitaje? Halafu umwambie simu yangu iko wazi.

Mama yako,
Mama Eli